Mjomba Wake Yesu

Gego langu la chini, upande wa kushoto, liling'olewa sokoni Kombani na mtu aliyekuwa akiuza tumbaku. Daktari hakuwa. Alikuwa na koleo lililozungushiwa kitambaa, kigoda cha kukalisha mgonjwa na debe la maji ya chumvi, na siku ya soko watu walimpangia foleni. Mimi nilikuwa na miaka minane, au saba, maana sisi hatukuandikiwa siku za kuzaliwa, tulihesabiwa kwa njaa: huyu alizaliwa kabla ya njaa ile, yule baada yake. Shavu lilikuwa limevimba hata jicho limefumba. Nikamwuliza yule mtu kama itauma. Hakungoja nimalize. Alisema haiumi hata kidogo, ni kama kung'oa muhogo kwenye mchanga.

Nikamgeukia mjomba wangu, ndugu yake mama, ambaye ndiye aliyenileta na ndiye aliyenishika kichwa. Nikamwuliza neno lile lile. Yeye akanyamaza. Foleni iko nyuma yetu, watu wanaguna, yeye anafikiri. Kisha akasema, "Lako silijui, mjomba. Langu liliuma mpaka nikajikojolea."

Kwetu mjomba humwita mpwa wake mjomba vilevile, kama kwamba mmeshika ncha mbili za kamba moja.

Iliuma, bila shaka. Nilimng'ata yule muuza tumbaku kidole, naye akanizaba kofi, na mjomba akamwambia kofi lile lirudi lilikotoka, kwa kuwa yeye ndiye aliyemdanganya mtoto, mtoto hakumdanganya yeye. Karibu wapigane mbele ya soko zima. Tukarudi nyumbani kwa miguu nikitema damu njia nzima, na tangu siku ile nina kinyongo na mtu anayejibu upesi. Mimi ni mzee sasa, meno yenyewe yamekwisha, kinyongo kipo.

Nimeanza na jino na nilitakiwa nianze na Biblia. Vijana wa kanisani petu wamechapisha kijitabu cha maswali ambayo watu huuliza juu ya imani ya Kikristo. Swali liko juu, jibu liko chini, mistari mitatu, minne, basi umejibiwa. Wakanijia nyumbani, shikamoo nyingi, wakaniomba mimi niliye mkongwe kanisani niwaandikie kidogo jinsi sisi wa zamani tulivyojibiwa maswali yetu. Nikawaambia mimi darasa la tatu sikulimaliza. Wakasema si kitu, watanirekebishia maandishi. Sawa, warekebishe. Ila hasira wasinirekebishie, waiache ilivyo.

Kile kijitabu nimekisoma chote kwa kidole. Kuna swali la Kaini alimpata wapi mke. Limejibiwa mistari miwili. Mimi nimeulizwa hilo na wauza kahawa, na utingo, na mke wangu mwenyewe siku alipotaka kunikasirisha, na jibu langu ni moja: sijui, harusi yao haikuandikwa. Kuna swali la jirani zetu Waislamu, kwamba Mwenyezi Mungu atakuwaje na mwana, ana mke? Kijitabu kinajibu kwa ukali kama aliyeuliza ametukana. Mimi jirani yangu huniuliza kwa adabu, baada ya kunijulia hali mimi na wajukuu wangu wote, nami humwambia swali lake zuri, kwamba hata sisi hatusemi Mungu alioa, tunasema neno ambalo halina ndugu yake duniani la kulifananisha, na kwamba mimi mwenyewe siku nyingine huliona na siku nyingine silioni. Hunijibu, "Alhamdulillahi, angalau husemi uongo." Tumekaa jirani miaka mingi kwa jibu hilo. Kuna swali la mtoto kufa, Mungu alikuwa wapi. Hilo nalo limepewa mistari minne. Hapo nilikitupa kile kijitabu kikagonga kuku.

Lakini nilikuwa nikisema habari za mjomba.

Mjomba wangu alikuwa mchimba visima. Sisi ni Waduruma, watu wa nyika ile kavu nyuma ya vilima vya Kwale, na huko mchimba visima ni mtu mkubwa kuliko diwani. Yeye alikuwa haanzi kazi kabla ya kuuliza. Utamwita aje umwonyeshe mahali, naye atakaa chini akuulize: hapa alikaa nani kabla yako? Kuna aliyewahi kuchimba? Aliacha kwa nini? Mchwa wanatokea upande gani? Mkorosho ule mbona mmoja umestawi na wenzake wamekonda? Watu walichoka. Wengine walikwenda kumtafuta mchimbaji mwingine asiye na maneno mengi, na mmoja wao alipata shimo la futi arubaini lisilo na tone. Na shimo likishafika chini, mjomba hakumwacha mtu ashuke kabla hajateremsha taa kwa kamba. Taa ikizimika hamna ruhusa ya kushuka, maana chini kuna hewa mbaya inayoua kimya kimya. Hata kama taa iliteremshwa jana, leo itateremshwa tena. Ndivyo alivyokuwa. Neno alilosikia jana aliliteremshia taa tena leo.

Sasa niseme juu ya mama, na hapa ndipo panaponiuma.

Mama yangu alibatizwa. Tulikuwa tumehamia pwani, karibu na Msambweni, baba alipata kibarua kwenye miwa, kisha baba akafa, tukabaki mama na mimi. Palikuwa na kanisa dogo la makuti, na mwalimu wa dini aliyeletwa kutoka bara. Huyu mwalimu nimemchukia miaka mingi, kwa hiyo nianze na haki yake. Alikuwa akitembea kwa miguu na kidonda mguuni kumpelekea mgonjwa dawa. Aliwaosha maiti ambao ndugu zao waliogopa kuwagusa. Mama alipougua yeye ndiye aliyekuja kila siku. Lakini alikuwa mtu wa kujibu. Ukiuliza ameshajibu. Na miaka ile ndiyo ya uhuru, bendera mpya imepandishwa Kwale kwa ngoma, kila mtu anataka kuwa mtu mpya, naye alikuwa na neno moja akilitia katika kila jambo: tumepata uhuru, mambo ya kale yaachwe.

Mama akafa hospitali, alfajiri. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini, shati langu jeupe, viatu ninavyo, najua kusoma, ingawa kwa kukwamakwama. Kwetu maiti hafukiwi mpaka watu wa kukeni wafike. Kukeni ndiko upande wa mama. Mtu anaweza kuwa na baba, na wake, na watoto kumi, lakini mwili wake ni wa kukeni, wao ndio walioutoa, na ni lazima waje waelezwe ugonjwa ulianza lini, ulitibiwa na nani, alisema nini mwisho. Wakisharidhika ndipo watasema, haya, zikeni. Mtu wa kukeni wa mama alikuwa mmoja tu aliyebaki, mjomba, na mjomba alikuwa nyika, mwendo wa siku moja na nusu. Mwalimu akaniambia tumzike leo leo, saa tisa, kuna joto, na mama yako sasa ni mtoto wa Mungu, hana kukeni wala kuumeni, mambo hayo aliyaacha majini alipobatizwa. Akaniuliza, "Ama wewe bado ni mtu wa kale?"

Nikasema tumzike.

Sikulazimishwa. Hakunishika mkono. Ningesema tungoje, angenung'unika halafu angengoja, maana nasema tena, hakuwa mtu mbaya. Niliona haya ya kuitwa mtu wa kale mbele ya wauguzi. Hiyo ndiyo sababu yote, na ni ndogo hivyo.

Mjomba, aliyepelekewa habari alfajiri ile, alifika siku ya tatu jioni, vumbi mpaka kwenye nyusi, amebeba kuku mweupe na kitambaa kipya cha sanda. Nilimkuta amesimama kwenye uwanja wa kanisa, akiangalia udongo uliotifuliwa. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba. Hakunigombeza. Afadhali angenipiga. Aliniuliza mama alikufa na nini, nikamwambia. Akaniuliza alisema nini mwisho, nikamwambia aliomba maji. Akaniuliza, alipewa? Nikasema alipewa. Akakaa chini. Akasema, "Wamesema ameacha kukeni. Mtu anaachaje alikotoka?" Nami, kwa kuwa nilikuwa na shati jeupe, nikamwambia aulize kwa mwalimu.

Akauliza. Mwalimu akamwambia dada yake yuko mbinguni, na kwamba wasiobatizwa hawafiki huko, na kwamba katika uwanja ule wa kanisa huzikwa waliobatizwa tu. Alimwambia kwa upole, nilikuwapo. Mjomba akalitazama tena kaburi. Kisha akasema basi naye ataingia darasa. Anataka akifa awekwe hapa, pembeni yake, na kule alikokwenda naye aende, asiwe peke yake kati ya watu baki. Hilo ndilo alilolitaka, hakuwa na lingine, na kila mtu kanisani alijua.

Akahamia kwangu. Mtu mzima kuliko wote darasani, magoti yake yakigota kwenye benchi. Masomo yalikuwa ya maswali na majibu: mwalimu anauliza, sote tunaitika kwa sauti moja. Nani aliyekuumba? Mungu ndiye aliyeniumba. Mjomba alishika yote kwa kusikia, hakukosa hata moja. Kilichomshangaza ni kwamba anayeuliza ni yule anayejua na anayejibu ni yule asiyejua. Aliniambia njiani kwamba hajaona kisima kikichimbwa hivyo.

Alianza kuuliza ya kwake. Siku tuliposomewa ukoo wa Bwana, fulani akamzaa fulani, akamzaa fulani, vizazi hivyo vyote, mjomba alihesabu kwa vidole vya mikono na miguu, na orodha ilipofika kwa seremala ambaye si baba aliyemzaa, akacheka kwa furaha. Akasema kumbe huyu Bwana ni mtu wa kukeni kama sisi, ukoo wake halisi ni wa mama. Wazee wawili wa kwetu waliokuwa darasani wakatikisa vichwa, wakasema kweli kabisa. Sikuwahi kuona Waduruma watatu wakimpenda Yesu namna ile. Na mwalimu akagonga meza, akasema ukoo ni wa baba, tuendelee.

Jamani. Hapo mwalimu alikuwa nao mkononi. Walikuwa wamemwona Bwana kwa macho yao wenyewe, amekaa kati yao, ana mama, ana ukoo wanaoujua. Alichotakiwa ni kunyamaza tu.

Mwaka ule mjomba alichimba kisima katika uwanja wa kanisa. Hakuna aliyemwomba. Waumini walikuwa wakiteka maji mbali, naye aliona aibu kukaa karibu na kaburi la dada yake bila kazi mkononi. Alichimba peke yake jioni kwa jioni, sururu, mtaimbo, ndoo na kamba, na baada ya miezi maji yakatoka, yana chumvi kidogo kama maji yetu yote ya pwani, lakini yananyweka. Kilibaki kujengewa mdomo kwa mawe.

Ikaja Ijumaa Kuu. Mwalimu alitusomea mateso yote, tangu bustanini mpaka kaburini. Alisoma vizuri, nami karibu nilie. Mjomba hakulia, alikuwa amekunja uso kama anayesikiliza maji chini ya mwamba. Tulipotoka alikwenda kwenye kisima chake akakaa juu ya rundo la mawe. Akaniuliza, yule tajiri aliyekwenda kwa mkubwa wa serikali kuuomba mwili wa Bwana, alikuwa nani yake? Nikasema si ndugu yake, alikuwa mfuasi wa siri. Akasema, kwa hiyo mtu baki. Nikasema ndiyo. Akauliza, sasa wa kukeni walikuwa wapi? Mama yake alikuwapo, sawa, lakini mama hasimami mwenyewe katika jambo kama hilo, husimamiwa na kaka zake. Mjomba wake Yesu alikuwa wapi?

Nikamwambia tafadhali, swali hilo asiliulize mbele ya watu. Hayo ndiyo niliyomwambia. Sikumwambia ngoja tutafute. Na Biblia ilikuwa kwapani mwangu.

Niseme sasa nilichokipata, hata kama nimechelewa. Mimi Biblia nilikuja kuisoma uzeeni, baada ya wote kufa, na naisoma kama mtu aliyefika matangani amechelewa. Ukifika matangani hurukii kuuliza maana ya kifo. Unaangalia nani yuko, nani hayupo, nani amekaa karibu na mlango, nani hasemi na nani. Vijana wakiniuliza njia ya kuielewa Biblia huwaambia hivyo, na wao huandika kitu kingine. Basi siku moja, kwa kidole, nikafika pale msalabani katika Injili ya nne. Na pale imeandikwa nani walisimama. Mama yake. Na dada ya mama yake.

Dada ya mama! Waliosoma wanabishana kama wanawake pale walikuwa watatu au wanne, wabishane watakavyo, mimi nimesoma nilichosoma. Mtu wa kukeni alikuwapo. Hakufika amechelewa na kuku mkononi, alikuwapo pale pale, amesimama. Na Bwana mwenyewe, pumzi inamwisha, akamtafutia mama yake mtu wa kumsimamia, kwa sababu alijua, kama mjomba alivyojua, kwamba mama haachwi peke yake. Mjomba wake hakuandikwa, kwa hiyo sijui kama alikuwa naye. Lakini kukeni kwake hakukufutwa. Nilipiga meza ngumi kikombe kikamwagika. Mke wangu akauliza nani amekufa. Nikamwambia mama. Akaniona nimechanganyikiwa.

Na si hilo tu. Alipokuwa pale juu, Yeye mwenyewe aliuliza swali. Aliuliza kwa sauti kuu, mbele ya watu, kwa nini ameachwa. Halikujibiwa siku ile, lakini wala halikuitwa ushenzi. Sasa nani amewapa ninyi walimu ruhusa ya kuwanyamazisha watu?

Haya. Siku ya mtihani.

Mchungaji alikuja kutoka Mombasa, mtu mweusi kama sisi, amepokea kazi kwa Mzungu aliyeondoka mwaka ule. Mzee, mpole, sikio moja halisikii. Jumapili yake ndiyo ilikuwa ubatizo. Mjomba alikuwa ameshanunua shuka jeupe, amelifua, amelikunja, amekuja nalo siku ya Ijumaa ya mtihani kama mtoto asiyeweza kungoja sikukuu. Tulikaa kwenye mabenchi watu kama ishirini. Mimi nilikuwa nimeshabatizwa, nilikuwa nimekaa mbele pembeni ya mwalimu kwa sababu nilikuwa karani wa kuandika nani amefaulu.

Mjomba aliulizwa maswali yake, akayajibu yote, neno kwa neno. Mchungaji akatabasamu. Nikaandika amefaulu. Yalikwisha hapo. Angekaa chini, Jumapili angebatizwa, na leo angekuwa amelala pale pembeni ya mama, nami ningekuwa napita nikiwaamkia wote wawili. Lakini mchungaji, kwa wema wake, akamwuliza, "Wewe mzee una neno?"

Mjomba akalihamishia shuka mkono wa pili. Akasema, "Ninalo, baba mchungaji. Nataka kuuliza juu ya Bwana. Alipokufa, wa kukeni kwake alikuja nani? Mjomba wake alikuwa wapi, hata mwili ukaombwa na mtu baki?" Watu wakaanza kugeukiana. Yeye akaendelea, polepole, kama anayeteremsha taa. "Siulizi kwa kubisha. Kama hata yeye alizikwa bila mtu wa kukeni, basi nami nitanyamaza juu ya dada yangu, sitasema tena. Na kama walikuwapo, naomba niambiwe kwa nini mimi sikungojwa."

Mchungaji aliinamisha lile sikio zima. Alikuwa amesikia. Akapapasa mfukoni, akatoa miwani, akaivaa, akaanza kufunua Biblia yake, ukurasa kwa ukurasa, kidole kikiteremka. Leo najua alikuwa akienda wapi. Alikuwa na kurasa chache tu kufika. Akasema, "Ngojeni kidogo."

Mwalimu hakungoja. Nafikiri aliona aibu mbele ya mkubwa wake, aonekane amefundisha watu wa ajabu. Akasimama. "Mzee, Yesu hana mjomba," akasema. "Hiyo mambo ya mjomba ni ushenzi, ulitakiwa uiache huko nyika. Hapa unataka mbinguni ama unataka ukoo?"

Benchi la nyuma likacheka. Kicheko kikaja mbele kama moto wa makuti. Wale wazee wawili wa kwetu wakaangalia miguu yao. Na mimi nikacheka. Si kwa nguvu. Nilicheka kidogo, kwa pua, kalamu mkononi.

Mjomba aliwaacha wote akaniangalia mimi. Kicheko kilipotulia akaniuliza, sauti ile ile ya kawaida, "Na wewe, mjomba? Unaonaje, mama yako—"

Sikungoja amalize. Nikamwambia mwalimu ameshajibu.

Akanyamaza, kama siku ile Kombani, watu wanangoja nyuma yake na yeye anafikiri. Kisha akaliweka lile shuka jeupe juu ya benchi, akalinyoosha mkunjo wake kwa kiganja. Akamwinamia mchungaji kwa heshima, na mchungaji hakumwona, macho yalikuwa kwenye kurasa. Akatoka. Kupitia mlangoni nilimwona akifika kwenye kisima, nikafikiri atakaa juu ya mawe kama desturi yake, nimfuate tukimaliza. Hakukaa. Sururu ilikuwa pale, mtaimbo, ndoo na ile kamba yake ndefu, vyote alivyokuwa akila kwavyo. Hakuvigusa. Alipita kwenye kaburi la mama, akasimama hapo muda wa mtu kuvuta pumzi moja, akashika njia ya kwenda nyika, saa sita, jua la utosi, bila kofia. Mchungaji akainua kichwa akasema amepata, yuko wapi yule mzee? Mwalimu akamwambia ametoka kidogo, atarudi, tuendelee na mwingine.

Tukaendelea na mwingine. Mjomba hakurudi.